Kazi na maisha ya wafanyakazi wa bustani za miti zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kama kibarua wa kitalu kwenye bustani ya miti, enzi ambazo kompyuta tulikuwa tunaisikia tu. Siku hizi natembeza wageni, na wageni, wawe watoto wa shule au wastaafu, huuliza yaleyale. Haya hapa majibu. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine ni historia ya bustani kubwa za duniani.

Bustani ya miti ina tofauti gani na msitu?

Msitu unajiotea wenyewe. Bustani ya miti, ambayo wengine huiita arboreta, ni mkusanyiko: kila mti umepandwa na mtu, kwa sababu fulani, na umeandikwa mahali. Ukiondoa maandishi unabaki na kivuli kizuri, basi. Bustani ya Derby, Uingereza, ilipofunguliwa mwaka 1840 kwa mpango wa John Claudius Loudon, watu hawakwenda kupunga upepo tu. Miti na vichaka takribani 1,000 vilikuwa vimepangwa ili mtu wa kawaida ajifunze majina yake.

Sababu za kupanda zilitofautiana. Arnold Arboretum ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1872, ilikusudia kukuza kila mti na kichaka kinachoweza kuishi nje katika hali ya hewa ya huko. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1907, ilianza kwa njaa ya garimoshi: zilijaribiwa aina za miti inayokua haraka ili reli ipate kuni. Amani, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walianza mwaka 1902 kujaribu mimea ya biashara, na miti ya kila aina ikaingia humohumo.

Siku ya kazi ilikuwaje?

Ilianza mapema, kabla jua halijapata nguvu. Watu wanaitwa majina, msimamizi anagawa kazi, kila mtu anachukua zana yake. Nasema yake kwa sababu jembe la mwenzako hukulichukua hivihivi. Mpini ulishazoea kiganja cha mtu mmoja, na ukiurudisha umelegea utaulizwa.

Kabla ya kutoka, kunoa. Nusu saa nzima ya kwanza unasikia tupa na jiwe tu: shoka, panga, mikasi ya kupogolea. Mgeni wa kazi anaona ni kupoteza muda. Mkasi butu hausababishi jasho tu, unaponda gome badala ya kulikata, na jeraha lililopondwa hupona polepole. Mzee aliyenifundisha alikuwa akichana ukingo wa gazeti kwa mkasi wangu. Karatasi ikikunjika badala ya kukatika, narudi kwenye jiwe.

Baada ya hapo ni kumwagilia kitalu, kupalilia, kuweka matandazo, kufyeka njia. Siku za mvua kubwa tulikaa bandani tukitengeneza vigingi, tukiosha vyungu na kuchambua mbegu. Tulizipenda siku hizo, ingawa hakuna aliyekubali hadharani.

Nani walifanya kazi huko?

Juu kabisa kuna mkurugenzi. Charles Sprague Sargent aliiongoza Arnold tangu mwaka 1873 hadi alipofariki mwaka 1927, kwa hiyo kuna watu waliofanya kazi maisha yao yote chini ya bosi mmoja. Chini yake wataalamu wa mimea, kisha msimamizi wa bustani, wapandaji miti wa juu kwa kamba, karani wa kumbukumbu, na vibarua, ambao ndio wengi.

Mtu aliyeheshimiwa kimyakimya alikuwa mkuza miche. Mtaalamu angeweza kuutaja mti kwa Kilatini kutoka mbali, lakini mbegu ikigoma kuota wote walikwenda kusimama mlangoni kwa mkuza miche na kusubiri aseme.

Mbegu na miche zilitoka wapi?

Njia tatu: safari, kubadilishana na kuomba.

Safari ndizo zenye hadithi. Ernest Henry Wilson alikwenda China mara kadhaa, mwisho kwa niaba ya Arnold. Mwaka 1910, akiwa Sichuan, maporomoko ya mawe yalimvunja mguu njiani. Miguu mitatu ya kamera yake ndiyo iliyofungwa kuwa banzi, na kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba mno, msafara wa nyumbu ulipita juu yake akiwa amelala chini. Alichechemea hadi mwisho wa maisha. Wengi wanaijua hadithi ya mguu. Wachache wanauliza nani waliombeba. Walikuwa wakulima wa karibu na Yichang, waliofanya naye kazi miaka mingi, wakapanda miamba na kuchuma mbegu ambazo leo zinatajwa kwa jina lake.

Mche hai ulikuwa tabu zaidi kuusafirisha. Chumvi ya bahari na kukosa maji safi viliua karibu kila kitu kilichowekwa juu ya meli. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aligundua kwamba mmea uliofungiwa ndani ya kioo hujinywesha kwa mvuke wake wenyewe. Mwaka 1833 masanduku yake ya kioo yalisafirishwa hadi Sydney na mimea ikafika hai. Tangu hapo seremala akawa mtu muhimu kwenye bustani za miti.

Kubadilishana ndiko kulikokuwa kazi ya kila mwaka. Kila bustani ilichapa orodha ya mbegu ilizokusanya, ikaipeleka kwa wenzake, nao wakaweka alama kwenye walichotaka. Kisha watu wanakaa mezani majuma kadhaa wakipima mbegu kwa kijiko na kukunja vipakiti vya karatasi. Mfano mkubwa ni Metasequoia. Mtaalamu wa Japani, Shigeru Miki, aliueleza mti huo mwaka 1941 kutokana na mabaki yake ya kale yaliyogeuka mawe, ukidhaniwa ulitoweka zamani. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 ukakutwa unaishi China. Elmer D. Merrill wa Arnold alituma dola 250 kugharimia uchumaji, mbegu zikafika Boston mapema mwaka 1948, kisha zikagawiwa bustani nyingi duniani. Metasequoia nyingi kubwa za nje ya China zilianzia kwenye vipakiti vile.

Mbegu zinazogoma kuota mlizifanyaje?

Kila aina na ukorofi wake. Zenye ganda gumu, kama za jamii ya migunga, zilimwagiwa maji ya moto na kuachwa usiku kucha, au zikakwaruzwa kwa tupa moja baada ya nyingine. Fikiria mbegu 600 na tupa moja. Za nchi za baridi zilifukiwa kwenye mchanga wenye unyevu mahali pa ubaridi kwa miezi, ili zidhani zimepita majira ya baridi. Za mwaloni hazitaki kukauka kabisa. Ukizianika umeziua, ndiyo maana zilisafirishwa ndani ya kuvumwani lenye unyevu.

Adui mkubwa alikuwa ugonjwa wa kuoza shina la mche. Jioni unaacha kitanda cha miche kimesimama wima, asubuhi unakikuta kimelala kama nywele zilizochanwa. Dawa yake ilikuwa udongo uliopikwa kwa mvuke, mchanga juu ya mbegu, na mkono mwepesi kwenye kumwagilia. Wengi wetu tuliua miche kwa maji kuliko kwa kiu.

Bila kompyuta, mlijuaje mti upi ni upi?

Hapa ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Wageni hudhani kazi kubwa ilikuwa kuchimba. Kuchimba kunachosha, lakini kupoteza jina kunaua mkusanyiko.

Mbegu au mche ukiingia tu getini, karani anaupa namba kwenye rejista. Kwa kawaida namba ilibeba mwaka wa kuingia. Arnold waliongeza na herufi ya kutofautisha kila mti wa kundi moja. Namba hiyo haibadiliki hata mti ukibadilishiwa jina, na majina ya Kilatini hubadilishwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Baada ya rejista inakuja kadi: jina, ulikotoka, nani alichuma, tarehe, umepandwa wapi. Kila miaka michache mtu anazunguka na kadi kuangalia kama mti bado upo. Nimeshika kadi iliyoandikwa "hai", "hai", "hai, dhaifu", kisha mstari mwekundu.

Mahali pa mti palipimwa kwa mnyororo au utepe kutoka kwenye vigingi viwili vya kudumu, na pale vipimo viwili vinapokutana mchoraji anatia nukta kwenye ramani. Mvua ikinyesha katikati ya kazi, ramani inakwenda kwapani, kazi inaahirishwa.

Kisha kibao cha mtini. Kilichodumu kilikuwa cha risasi au zinki, herufi zikigongwa moja moja kwa nyundo. Ukikosea herufi ya kumi na nne ya neno la Kilatini, unaanza upya. Wengine walikipigilia kwa msumari, na mti ukinenepa unakimeza kibao chote, jina likabaki ndani ya gome. Ndipo zikaja skrubu zenye springi, ambazo hurudi nyuma kadiri shina linavyopanuka. Na kindi hutafuna risasi. Usiniulize wanaipendea nini.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa pili nilitumwa kupalilia vitanda vitatu vya miche. Vigingi vya majina vilikuwa vimeota ukungu, nikaona niwe mtu wa bidii: nikaving'oa vyote, nikavipeleka bombani kuviosha, nikivipanga chini kwa mpangilio nilioutunza kichwani. Mvua ikaja, nikakimbilia bandani, na mwenzangu akavizoa vyote kwenye ndoo moja ili visisombwe. Miche yote ilikuwa ya jenasi moja, yaani kundi moja la aina za miti zilizo ndugu, majani yakifanana kama mapacha. Msimamizi hakufoka. Aliitazama ile ndoo, akasema, "Umetutengenezea mayatima." Ilipandwa mpakani iwe ua. Mitano imesimama hadi leo, mikubwa, mizuri, na kibao chake kina jina la jenasi tu, bila lile la pili la aina. Kila nikipita na wageni mtu hudai kuujua, na kila mmoja anataja jina tofauti.

Ni kweli watu waliwahi kujaza saruji ndani ya miti?

Ni kweli, na ilikuwa kazi ya kifahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 John Davey, Mwingereza aliyehamia Ohio, aliueneza sana utabibu wa miti. Tundu la mti lilikwanguliwa hadi kwenye mbao ngumu, likapakwa dawa, kisha likajazwa saruji vipande vipande ili mti uweze kuyumba bila kuipasua. Mafundi walijivunia kazi hiyo kama waashi. Matawi nayo yalikatwa sambamba kabisa na shina na jeraha kupakwa lami au rangi.

Miaka ya 1970 Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alianza kueleza alichokiona baada ya kupasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mashine na kutazama ndani. Mti hauponi kama ngozi. Unajenga kuta kuuzunguka uozo na kuufungia humo. Anayekwangua tundu anavunja kuta hizo, na anayekata tawi sambamba na shina anakata pete ileile ambayo mti ungeitumia kujifunga. Rangi ya jeraha haikuzuia kuoza.

Mafundi wa zamani walilipokea hilo kwa uchungu. Ukitaka kujua walivyokuwa wamejitahidi, subiri mti mzee uangushwe na msumeno ugonge saruji katikati. Mnyororo unakwisha palepale.

Miti mikubwa iliangushwaje kabla ya misumeno ya mashine?

Kwa shoka na msumeno mrefu wa watu wawili. Kanuni ni moja: vuta, usisukume. Ukisukuma, ubao wa msumeno unapinda na mwenzako anakuchukia. Misumeno ya mashine ya kubebwa na mtu mmoja ilienea miaka ya 1950, na ya mwanzo ilikuwa mizito ajabu.

Juu mtini walipanda kwa ngazi na kamba za manila. Kamba ya namna hiyo huoza kwa ndani huku nje ikiwa nzima, kwa hiyo mpandaji aliisokotoa kamba wazi kila asubuhi na kuinusa kabla ya kuikabidhi uhai wake. Nailoni ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Dawa za kuulia wadudu zilikuwa salama?

Hapana. Miaka ya 1890 Massachusetts ilianza kutumia mchanganyiko wa risasi na aseniki dhidi ya nondo waliotoroka kwa mfugaji mmoja huko Medford mwishoni mwa miaka ya 1860, wakala misitu. Dawa hiyo ilitumika mitini na mashambani kwa miongo. Baada ya mwaka 1945 ikaja DDT, ikanyunyiziwa miti ya elmu kwa wingi, na ndege wakaanza kufa chini ya miti. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972.

Ndani nako hakukuwa salama. Mimea iliyokaushwa kwenye hebaria, ambayo ndiyo ushahidi wa jina la kila mti, ilichovywa katika dawa ya zebaki ili isiliwe na wadudu. Makarani waliigusa kwa mikono mitupu, wakala chakula cha mchana mezani hapohapo.

Wanawake waliruhusiwa?

Walikuwepo siku zote kwenye kupalilia na kuchambua mbegu, ila kama vibarua. Kuajiriwa rasmi kuwa watunza bustani ni habari nyingine. Bustani ya mimea ya Kew, London, iliwachukua wa kwanza mwaka 1896, Annie Gulvin na Alice Hutchins wakiwa miongoni mwao, wote kutoka chuo cha Swanley. Walitakiwa kuvaa kama wanaume, suruali fupi za kufunga magotini na kofia, eti wasiwashughulishe wenzao. Magazeti yakaliona vazi hilo ndilo habari, na watu wakaja kuchungulia uani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowachukua wanaume, mzaha ukaisha, kwa sababu bila wanawake hao hapakuwa na mtu wa kushika mkasi.

Mliishi wapi, na starehe zilikuwa zipi?

Wasimamizi mara nyingi walipewa nyumba ndani ya bustani, maana boila la nyumba ya vioo likizimika usiku wa baridi lazima mtu awe karibu. Vijana walikaa vyumba vya pamoja au wakapanga jirani. Mshahara ulikuwa mdogo. Waliovumilia, wengi walifuata elimu: Kew vijana walifanya kazi mchana na kusikiliza mihadhara jioni, kisha wakatumwa bustani za nchi nyingine. Chama chao cha waliopita hapo kiliundwa mwaka 1893.

Huko Kew walivaa viatu vya mti, tuseme mitalawanda, kwa sababu sakafu za nyumba za vioo zililowa daima. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashindano ya kukimbia wakiwa na mitalawanda na aproni, ambayo wanafunzi bado wanayafanya. Kelele yake husikika kabla hujawaona wakimbiaji.

Wakati wa vita ilikuwaje?

Kila nafasi tupu iligeuka shamba la chakula. Amani ilipatwa na jambo la pekee: Vita vya Kwanza vilipokata njia za meli, kituo cha utafiti kikageuka kiwanda, wakitengeneza kwinini kutokana na magome ya misinkona waliyoipanda wenyewe, na sabuni pia. Miti iliyokuwa ya majaribio ikawa duka la dawa.

Siku mbaya kuliko zote kwa mtu wa kazi hii ni ipi?

Siku ya kuona tawi moja limenyauka bila sababu. Mwaka 1904 wafanyakazi wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, waliona miti yao ya chesinati inakufa. Kuvu hiyo, iliyoletwa na miti kutoka Asia, iliua mabilioni ya chesinati za Marekani. Uingereza nako ugonjwa wa elmu uliorudi mwishoni mwa miaka ya 1960 uliua zaidi ya elmu milioni 25. Wapandaji waliotunza elmu ujana wao wote ndio waliopewa kazi ya kuzikata na kuzichoma.

Dhoruba huumiza kwa namna nyingine, kwa sababu huja mara moja. Usiku wa kuamkia Oktoba 16, 1987 Kew ilipoteza miti 700. Mwaloni mmoja wa tangu mwaka 1798, uitwao mwaloni wa Turner, uliinuliwa na upepo pamoja na mizizi, ukarudishwa palepale. Walidhani umekwisha, wakautegemeza wakashughulikia mingine. Miaka mitatu baadaye ulikuwa na afya kuliko kabla. Udongo wake ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya wageni kwa miaka mingi, na kile kishindo kikaulegeza. Tangu hapo Kew wakaanza kupuliza hewa chini ya miti mizee, wakifanya kwa mashine kile upepo ulichokifanya bure.

Babu yangu alikuwa kibarua wa bustani ya miti. Nitapata wapi habari zake?

Usianze na rejista ya miti. Humo utakuta mtaalamu, mchumaji na mfadhili, si aliyechimba shimo. Omba daftari za malipo, kwa sababu karani hakuweza kumlipa mtu asiye na jina. Jina laweza kuwa limeandikwa vibaya, kwa hiyo lisome kwa sauti. Tafuta daftari za kugawa zana na taarifa za ajali. Kisha picha: mti ukipigwa picha, mara nyingi mtu alisimamishwa kando yake ili urefu uonekane, na maelezo yakataja mti peke yake. Nenda nazo kwa wazee walio hai upesi, utulie, uwaache watazame sura. Jina likipatikana, liandike nyuma ya picha kwa penseli laini. Wino hupenya.